Tangazo Lililosomwa Mara Moja

Lea alikuwa fundi cherehani pale Misigiri, na redio yake ilikaa mezani kwake tangu asubuhi mpaka anapofunga kazi. Ilikuwa redio ya taifa, ile yenye maneno mengi na muziki kidogo. Hakuchagua kipindi. Alisikiliza habari, mahubiri, bei za mazao, ushauri kwa wajawazito, mchezo wa kuigiza, chochote kilichokuja.

Alhamisi hiyo alikuwa akimalizia vitambaa vyeusi vya kufungwa wajukuu baada ya maziko, maana mzee Ezekieli, baba mdogo wa mumewe, alikuwa anazikwa saa sita. Kipindi cha kilimo kilikuwa kinaelekea mwisho. Mtangazaji akamkatiza bwana shamba aliyekuwa akieleza habari za alizeti, akasoma:

"Wananchi wa mikoa ya kati wanatahadharishwa. Mahindi ya mbegu yaliyotiwa dawa ya wadudu yameibwa ghalani, yameoshwa, na yanauzwa minadani kama chakula. Dalili yake ni wekundu unaobaki pale punje inaposhikana na gunzi. Msiyale, wala msiwape mifugo."

Kikafuata kipindi cha michezo.

Mguu wa Lea ukasimama juu ya kanyagio. Juzi shemeji yake Chediel, mtoto wa marehemu, alileta magunia mawili kutoka mnadani kwa ajili ya chakula cha msiba. Lea mwenyewe ndiye aliyeyaosha mahindi yale kabla ya kuyapeleka mashineni. Maji yalitoka mekundu. Alidhani ni vumbi, akayamwaga, akaosha tena.

Akampigia Chediel simu. Iliita mpaka ikakata. Akapiga tena, ikawa imezimwa. Watu walikuwa makaburini. Lea akaikwapua redio, akatoka mbio.

Alipofika kwenye msiba, masufuria matatu yalikuwa yanachemka. Kina mama walikuwa wamekwisha kushika miiko. Mkuu wa jiko alikuwa mama mkwe wake, Severina, ambaye hakuna aliyewahi kubishana naye mbele za watu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona unahema hivyo?"

Lea akaeleza. Severina alimsikiliza bila kuondoa macho kwenye moto.

"Nani mwingine amelisikia tangazo hilo?"

Kina mama wakatazamana. Wote wakatikisa vichwa.

"Basi weka redio hapa. Wakirudia, tutajua la kufanya."

Redio ikawekwa juu ya kinu kilichopinduliwa. Michezo ikaisha, akaja daktari mmoja kuzungumzia shinikizo la damu. Waombolezaji walianza kurudi kutoka makaburini, wakakaa chini ya turubai. Wengi walikuwa wametoka Kiomboi na Singida mjini alfajiri, na watoto walikuwa wanalia njaa. Kisha yakaja matangazo ya vifo, na katikati yake likasomwa jina la mzee Ezekieli wa Misigiri, pamoja na majina ya watoto na wajukuu zake. Kina mama wakainamisha vichwa. Mmoja akalia kwa sauti.

Ndipo Chediel alipoingia jikoni, kanzu ya kwaya bado mwilini.

"Mama mkubwa, chakula vipi?"

Alipoambiwa, akakunja uso. "Shemeji, unataka watu waseme nimewalisha sumu kwenye mazishi ya baba yangu?"

"Nimeyaosha mimi, shemeji. Maji yalikuwa mekundu."

"Udongo wa huku wote ni mwekundu!"

"Tusubiri habari za saa saba," Severina akasema. "Hazijabakiza muda mrefu."

Habari zikaja. Bunge. Barabara. Mafuriko ya nchi za mbali. Matokeo ya mpira. Msomaji akawatakia wasikilizaji mchana mwema, na tangazo halikurudiwa.

"Mmesikia wenyewe," Chediel akasema. "Songeni."

Mama mmoja akainua bakuli la unga. Lea hakupanga alichofanya. Alimpokonya lile bakuli, akaumwaga unga ndani ya gunia, akakaa juu ya gunia. Mkwe kumzuia mama mkwe jikoni kwake, na msiba umejaa watu!

"Ondoka hapo, Lea," Severina akasema kwa upole.

"Nisamehe, mama. Siondoki."

Severina akamwangalia. Kisha akageuka, akaenda kwenye beseni la masalia ambayo hayakusagwa. Akachukua punje moja, akaitoa nje kwenye jua, akaivunja kitako kwa meno na kuitema kiganjani. Akachukua ya pili. Ya tatu.

"Nimelima mahindi miaka hamsini," akasema. "Udongo hauingii huku ndani. Zimeni moto."

"Mama mkubwa..."

"Chediel, washa pikipiki au tafuta gari. Asubuhi nilikunywa uji wa unga huu."

Njiani kwenda hospitali, ndani ya gari la jirani, Severina alianza kutapika na macho yakawa yanajifumba. Lea alimpakata, akimwita jina, naye Chediel alikaa mbele akilia waziwazi, akimwambia dereva akanyage. Madaktari walihangaika naye mpaka jioni. Alipofumbua macho, kitu cha kwanza alichouliza ni kama watu wamekula. Aliambiwa wamekula viazi na maharage ya majirani.

Kesho yake asubuhi Chediel alimkuta Lea kwenye benchi la wodi. Hakumwomba radhi kwa maneno mengi.

"Nimetoka polisi, nimemtaja aliyeniuzia," alisema. "Lakini siku ile tulikuwa wengi tuliopanga foleni pale. Nawajua wengine kwa sura. Tutaanzia wapi?"

Walizunguka siku mbili, nyumba kwa nyumba, naye Chediel ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema kila mlangoni: "Mimi pia niliyanunua." Walipata magunia kumi na moja. Katika nyumba moja ukingoni mwa kijiji walikuta ugali umeshapakuliwa na watoto wamenawa mikono, na Lea akaingia bila kupiga hodi.