Sindano Si Kalamu

Simu ililia mara tatu ndani ya kopo la vifungo, milio mifupi kama ya kifaranga aliyepotelewa na mama, na giza la alfajiri lilikuwa bado halijabanduka dirishani. Bi Dobi alikwisha amka. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda akitafuta ndara kwa vidole vya miguu, maana macho hakuyasumbua tena kwa kazi ndogo kama hiyo. Aliitoa simu, akaisogeza hadi puani, akaona mwanga tu, mweupe kama povu. Akaenda kugonga mlango wa chumba cha pili.

Mkamwana wake alitoka na shuka begani. Ujumbe wa kwanza aliusoma kimya. Wa pili pia. Alipofika wa tatu aliinua uso.

"Mama, umetoa pesa kwenye mashine saa hizi?"

"Nizitoe vipi, nami hata ndara ya pili sijaiona?"

Kadi ya benki ilikuwa ikikaa ndani ya kifuko cha kitambaa, kifuko ndani ya mfuko wa aproni, na aproni juu ya msumari nyuma ya mlango wa kibanda cha kufulia, pale uani. Walikwenda na tochi. Aproni ilikuwapo. Kifuko hakikuwapo.

Wakapiga namba ya benki. Sauti ya mwanamke mchangamfu iliwashukuru kwa kupiga, ikawaambia wabonyeze moja, kisha wabonyeze nne, kisha wasubiri kidogo. Muziki ukaanza. Walisubiri wamesimama, vichwa vimegusana juu ya simu, hadi salio likaisha na muziki ukakatika. Haukupita muda simu ikalia tena, mara moja. Mkamwana alisoma ujumbe wa nne, kisha akailaza simu mezani taratibu kama anayelaza mtoto. Zilizobaki hazikufika hata za sabuni ya wiki.

Pesa zile zilikuwa za jicho. Jicho la kulia mtoto wa jicho alikwisha kulifunga kabisa, na la kushoto lilikuwa linafuata. Bi Dobi alizoea kusema kwamba katika watoto wake wote huyu ndiye pekee aliyekataa kuhama nyumbani. Watu walicheka, naye alicheka nao. Lakini dobi asiyeona doa ni sawa na mpishi asiyeonja, na wateja wawili walikwisha kumrudishia mashati kwa heshima nyingi kupita kiasi. Kwa miaka mitatu aliweka akiba ya upasuaji. Siku yake hospitali ilikwisha andikwa: Alhamisi, wiki tatu kutoka asubuhi ile.

Benki ilipofunguliwa walikuwa wa kwanza mlangoni. Mlinzi alimwona mama mtu mzima anayepapasa ngazi kwa ncha ya kiatu, akatoa kiti chake mwenyewe cha plastiki, akakiweka ndani penye ubaridi, akarudi kusimama. Siku zote zilizofuata alifanya hivyo hivyo, na hakuna siku aliyosubiri kushukuriwa.

Dirisha la tatu alikaa kijana nadhifu, shati lake limepigwa pasi vizuri isipokuwa kwenye kola. Bi Dobi hakumwona vizuri usoni, lakini kola aliiona. Alieleza shida yake tangu mwanzo. Kijana alibonyeza bonyeza, akasema mfumo unaonyesha kwamba pesa zimetolewa kwa kadi halali na kwa namba ya siri sahihi. Mkamwana akasema kadi imeibwa. Kijana akasema mfumo hauonyeshi wizi. Mkamwana akauliza kama mwizi huwa anajitambulisha kwa mfumo kabla ya kuiba. Mtu mmoja kwenye foleni alicheka, kijana hakucheka.

"Mama, namba ya siri ulimpa mtu yeyote?"

"Sikumpa."

"Uliiandika mahali popote?"

"Sikuiandika," alisema Bi Dobi, na alisema kweli.

Tangu siku hiyo walimwita Bwana Mfumo. Bwana Mfumo aliwaambia waende polisi wakalete barua ya wizi. Karani wa polisi aliwaandikia bila kuwaomba hata ya kalamu, akairudia mara mbili kwa sababu ya kwanza aliikosea tarehe. Waliporudi na barua, Bwana Mfumo alisema mwenye kushughulikia barua yuko likizo. Wakarudi wiki iliyofuata. Mwenye barua alikwisha rudi, lakini barua ilikuwa imetumwa makao makuu, na makao makuu hawana dirisha, wana namba ya simu tu. Wakapiga. Muziki ukawa ule ule.

Nyumbani Bi Dobi hakukalika. Alikuwa kama maji ndani ya beseni linalobebwa. Aliloweka nguo akasahau kuzifikicha, akazianua zikiwa mbichi, akaenda hospitali kuuliza kama Alhamisi inaweza kusogezwa. Karani wa mapokezi, dada mmoja mwenye kikohozi, alisema haisogei, ila jina lake angeliacha kwenye orodha kwa penseli hadi siku yenyewe. Halafu akamshika mkono akamvusha hadi kituoni, akaacha watu wakimngoja.

Siku moja baada ya hapo, akiwa kazini, ndipo jambo lenyewe lilipomjia.

Alikuwa anapiga pasi shati la mteja, na kama kawaida kidole gumba kilipita ndani ya kola kutafuta alama. Kila dobi ana namna yake ya kujua nguo ni ya nani. Yeye hakuandika kwa wino, kwani wino hufifia na wateja hugomba. Alitia alama kwa uzi, kama alivyofundishwa: mshono wima ni moja, msalaba ni tano, fundo ni sifuri. Misalaba miwili na wima mmoja, mteja wa kumi na moja, mwalimu wa sekondari, jasho jingi kwapani. Hata gizani angelikutambua kwa kola yako.

Kidole kikasimama. Pasi haikusimama mapema, ikaacha alama ya kahawia mgongoni mwa mwalimu.

Kifuko cha kadi alikishona mwenyewe, mwaka ule macho yalipoanza kumsaliti na kumbukumbu nayo ikaanza kwenda matembezi. Ndani ya kifuko alishona mistari minne ya uzi, mmoja kwa kila tarakimu ya namba ya siri. Akifika mbele ya mashine ya pesa alikuwa akiingiza kidole, akisoma, akibonyeza. Haikumpitia akilini kwamba ile ni namba iliyowekwa mahali. Ilikuwa alama tu, kama alama zote alizotia maishani.

Alimweleza mkamwana jioni hiyo. Mkamwana alimsikiliza, macho yakamchangamka.

"Kijana alikuuliza kama uliandika. Wewe uliandika?"

"Nilishona."

"Basi. Sindano si kalamu, Mama. Usiende ukaongeza maneno pale dirishani." Halafu, akikunja shuka, akauliza, "Alama hizo nani mwingine anazisoma?"

"Aliyenifundisha alikwisha kufa," alisema Bi Dobi.

Yeye mwenyewe alama zile alikuwa amemfundisha mtu mmoja tu. Alikuwa msichana mrefu, aliyesimama wima hata akiwa amebeba ndoo mbili, na wateja walimpa jina la Wanga, wakitania kwamba ametiwa wanga mgongoni. Wengine wakaongeza kwamba jina hilo halifai kwa mtu anayetembea kabla ya mapambazuko. Alikaa miaka sita kibandani, akaolewa, akaachika, akahamia mtaa mwingine. Kisha wiki ile ya wizi, siku mbili kabla, alikuja bila taarifa. Alikuta Bi Dobi anakohoa, akamwondoa kwenye beseni, akavaa aproni, akafua mashuka yote ya nyumba ya wageni peke yake, akayaanika. Alisemasema kidogo, akaaga. Bi Dobi alilala akimwombea heri.

Usiku ule hakumwombea mtu. Aligeuka huku, akageuka huku, mto ukawa na joto pande zote mbili.

Jumanne, siku mbili kabla ya siku ya jicho, benki iliwaita. Makao makuu yalileta fomu. Bwana Mfumo alikuwa karibu kuwa mkarimu: alisema ikijazwa na kutiwa sahihi, dai litaangaliwa, na wateja wengine waliojaza walirudishiwa zote. Mkamwana alimbana Bi Dobi kiwiko kwa furaha. Kwa kuwa macho hayakusoma, kijana alimsomea maswali, yeye akijibu. Je, alitoa kadi kwa hiari? Hapana. Je, alimtajia mtu namba ya siri? Hapana.

"Je, namba ya siri iliandikwa, ilichorwa au iliwekewa alama mahali popote?"

Bi Dobi alisogea mbele. "Rudia mwisho."

"Iliwekewa alama."

Miaka thelathini watu waligombana mbele yake juu ya mashati meupe yaliyofanana, naye aligeuza kola akawaambia, alama yangu haisemi uongo, na ugomvi ukaisha hapo. Mkamwana alimkanyaga mguu chini ya kaunta. Alimkanyaga tena.

"Hiyo ya mwisho ndiyo," alisema Bi Dobi. "Nilitia alama."

Bwana Mfumo hakuuliza alama gani, wala wapi, wala nani angeweza kuisoma. Aliweka tiki mahali fulani, na sauti yake ikawa nyepesi kama ya mtu aliyetua mzigo. Akasema basi hapo benki haihusiki, anamtakia siku njema, na kama kuna huduma nyingine angependa, aseme.

Nje, mkamwana alitangulia hatua ishirini bila kugeuka. Bi Dobi alimsikia kwa visigino vyake tu. Walipofika barabarani visigino vilisimama, vikamngoja, na mkono ukamshika juu ya kiwiko. Mdomo ulikuwa umekasirika, mkono haukuwa.

Alasiri hiyo Bi Dobi alivaa viatu vyake vya kutokea, akasema anakwenda kumwona mtu. Aliuliza njia ya kwa Wanga mara nne. Mchoma mahindi aliacha jiko lake akamfikisha hadi kona, akamwonyesha mlango wa bluu ambao yeye aliuona wa kijivu. Njia nzima alipanga maneno. Aliyapanga kutoka makali hadi makali zaidi, na yalimkaa mdomoni kama vibanio anavyovibana kwa meno akianika.

Aligonga. Sauti ya kizee ikamkaribisha.

Chumba kilikuwa kimoja, kisafi, chenye harufu ya dawa ya vidonda. Kitandani alilala mwanamke mwembamba, mkubwa kwake kwa miaka mingi. Bi Dobi alijitaja. Yule mama alijaribu kuinuka, akashindwa, akanyoosha mikono yote miwili hewani mpaka Bi Dobi akalazimika kumpa wa kwake.

"Ndiwe wewe," alisema. "Mwalimu wa mwanangu. Nimemwambia kila siku, nipeleke kwa huyo mama, au umlete nimwone kabla sijafa, ingawa kufa kwenyewe sasa kumeahirishwa."

Akaeleza, akipumzika kila baada ya maneno machache. Tumbo lilikuwa limejifunga kwa siku kadhaa. Madaktari walisema ni kupasua au kumrudisha nyumbani, na kupasua kulitaka pesa asubuhi ile ile. Mwanawe alitoka kabla ya jua, akarudi na pesa mkononi, akasema, Mama, Bi Dobi ametoa akiba yake yote. "Nikasema wewe unanidanganya, mtu kama huyo hayupo. Na kumbe yupo, na mikono yake ina magaga kama ya mwanangu."

Bi Dobi hakupata pa kuviweka vile vibanio. Alikaa tu, mkono wake umeshikwa.

Mlango ulisukumwa. Kilikuwa kivuli kirefu, na harufu ya sabuni ya mche, na mlio wa beseni likitua sakafuni kwa haraka mno.

"Shikamoo, Mama," alisema Wanga.

Mgonjwa aligeuza kichwa kungoja jibu.

"Marahaba."

"Umesimama nini hapo, umetiwa wanga kweli?" alisema mama yake. "Njoo umshukuru mwenyewe, mimi sauti imeniishia."

Wanga alikuja akapiga magoti karibu na kitanda. Bi Dobi alimsikia akihema. "Siku ile nilikuja kukuomba, Mama," alisema kwa sauti ndogo. "Nilifua mashuka yote nikijiambia nikimaliza hili nitasema. Yakaisha. Nikashindwa kufungua mdomo."

"Na akakupa bila kuombwa," alisema mgonjwa. "Unaona watu walivyo?"

"Ungeomba," alisema Bi Dobi. "Ungeniomba tu, mwanangu."

Kitu cha moto kilimdondokea mgongoni mwa mkono, kisha kingine. Hakuuondoa mkono. Hakujua bado kama ni huruma au ni kwamba mkono wenyewe ulikuwa umechoka kuliko yeye.

"Na macho?" aliuliza mgonjwa. "Nilimuuliza sana huyu, nikamwambia nimesikia mwalimu wako anaumwa macho, pesa zile si za dawa yake? Akaniambia yamepona, wala hukuhitaji tena kupasuliwa. Nikalala usingizi siku ile."

Wanga aliacha kuhema kabisa.

Bi Dobi aligeukia mahali sauti ilikotoka. Aliona weupe wa mto, na katikati ya weupe doa la giza ambalo bila shaka lilikuwa uso, na doa lile lilimwelekea yeye, likingoja. Keshokutwa ilikuwa Alhamisi.

"Yanaendelea," alisema.

Akasimama atafute mlango. Wanga aliinuka kumshika, kisha akasita, mikono ikabaki hewani kati yao. Mgonjwa ndiye aliyekuwa hajamwachia vidole.

"Basi kama unaona vizuri njia haitakupotea," alisema. "Utakuja lini tena kunitazama?"