Ukili wa Kinyume

"Doto, wewe! Pindi lako limefikaje kwenye mzigo wa Msabaha?"

Tabia alikuwa ameketi barazani, mguu wake uliopooza ameukunja pembeni, anachambua mapindi ya ukili yaliyoshushwa asubuhi ile. Ndiyo ilikuwa biashara yao. Wanawake wa mashamba husuka ukili, ule utepe mrefu wa ukindu, Msabaha huukusanya kwa chumvi na nguo, na hawa wawili wakaushona mikeka. Bagamoyo, pawe na harusi, pawe na msiba, mtu alitumwa kwa kina Tabia.

"Langu nimelikalia hapa," Doto alijibu. "Hebu lete hilo."

Ndui ilimchukua macho angali mtoto. Alilipokea pindi, akapitisha kidole gumba juu yake. Kidole kikasimama. Akaanza tena mwanzo, safari hii polepole.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo penyewe. Ukili wa watu wote huanzia kulia. Wa Doto ulianzia kushoto, na ukiushona na mwingine mkeka huenda mrama, ndiyo maana Tabia alikuwa akiutenga. Wateja walimtania sana kwa hilo. Lakini kosa lile lilikuwa na asili yake. Kule kwao Fukayosi, pacha wake Kulwa, mwenye macho mazima, alimfundisha kusuka kwa kukaa mbele yake, magoti kwa magoti, Doto ameshika mikono ya mwenzake anaifuata. Kilichokuwa kulia kwa Kulwa kikawa kushoto kwa Doto. Bibi yao alipoona alipiga ukelele, "Mmeharibu!" Doto akalia. Basi Kulwa, mtoto yule, akaubadili mkono wake mwenyewe. Alifumba macho, akajifunza upya kusuka kinyume, ili waweze kusuka ukili mmoja kwa kupokezana. Ulimwengu huu walikuwa wawili tu wa kusuka vile.

Halafu ikaja njaa ile kubwa. Baba yao aliwaleta mjini wote wawili kuwaweka rehani kwa mtama, kama walivyofanya wengi, akiapa kuwakomboa baada ya mavuno. Mtu aliyewapokea alimshika Kulwa mkono. Kisha akamgeuza Doto uso juani, akasema, "Huyu hapana. Atanilia chakula bure." Baba hakuyafikia mavuno. Mtu yule naye akahama na watu wake, wengine wakasema Pangani, wengine Saadani. Doto alibaki anapapasa kuta za vichochoro mpaka Tabia alipomvuta barazani kwake. "Kaa," alimwambia. "Wewe suka, mimi nitashona."

Alikaa. Ila hakutaka mtu akae mbele yake. Mteja akijisahau aliambiwa asogee ubavuni, awe nani. Watu walidhani ni maringo.

"Ni Kulwa," Doto alisema sasa. Tabia akaacha kuchambua.

Wakamwita Msabaha. "Shikamoo, kaka. Hili umelitoa wapi?" Doto aliuliza.

"Marahaba, binti. Aa, mimi nimezoa tu! Mkange, na mashamba ya kule mbele. Wanawake wananitupia mapindi, nitamjua nani?"

Doto hakubishana naye. Alisuka ukili mpya, akauacha mwisho wake wazi, chane za ukindu zinaning'inia.

"Safari yako ijayo waonyeshe wanawake wote. Atakayeweza kuuendeleza, auendeleze."

"Si unipe jina niulizie?"

"Jina huenda wamelibadilisha. Mkono hawawezi."

"Makubwa haya! Mimi na ndevu zangu nibembeleze wanawake na utepe?"

"Utabembeleza," Tabia alidakia, "au mzigo wako utautafutia baraza nyingine."

Akaondoka nao, ananung'unika.

Masika yakaingia, njia zikajaa maji. Doto alimkumbuka dada yake mpaka chakula kikamshinda. Alitamani hata zile kelele zake, hata vile alivyokuwa akimfinya akikosea. Mikono ikawa inasuka, moyo haupo.

"Na ukirudi vilevile?" Tabia aliuliza siku moja.

"Kidole kitakuwa kimenidanganya. Niache kinidanganye kwanza."

Mvua zilipokatika Msabaha akaja. Hakupiga hodi kwa mizaha yake ya siku zote. Aliliweka pindi mapajani mwa Doto, akakaa ubavuni.

Doto aliufuata ukili wake mpaka alipojua ndipo alipouacha. Haukuishia pale. Alirudi nyuma, akapita tena, akatafuta mahali mkono ulipobadilika, asipaone. Kushoto, kushoto, umekazwa barabara.

"Yuko shamba la watu, mbele ya Mkange," Msabaha alisema. "Ana mtoto mgongoni. Nilipompa aliupapasa, akaketi palepale chini, akafumba macho, akaanza kusuka. Wapagazi wangu wanapiga kelele twende, yeye wala hasikii."

"Amesema nini?"

"Alifungua kinywa, binti. Msimamizi akamwita. Akanirushia pindi, akakimbia."

Doto alitafuta mwisho wa ukili. Haukufungwa. Chane zilikuwa wazi, zimekauka kwa safari.

"Kaka Msabaha, ukirudi huko, pita hapa kwanza."

"Nitapita," alisema, na safari hii hakunung'unika.

Tabia alikuwa analia waziwazi. Akajikokota mpaka mbele ya Doto, akakaa, akamshika mikono.

"Hapo hapana, dada," Doto alimwambia taratibu. "Sogea kidogo."

Tabia akasogea ubavuni. Doto akazilowesha chane kwa maji ya kibuyu mpaka zikalainika, akayasogeza magoti mbele kwenye jamvi lililo tupu, akaanza kushoto.