Kifuniko cha Mashine ya Moyo

Saa nne asubuhi, bibi fundi cherehani akipiga pindo la shuka, kifua cha mjukuu wake kilianza kuonyesha ndani. Mtoto alikuwa wa miezi mitatu, na kwa udogo wake bibi alimwita Kifungo. Alikuwa akinyonya huku jasho likimtiririka kama mpagazi, na ngozi ya kifua ikawa kama kioo cha kabati.

"Mama, njoo uone," binti yake alisema. "Ila malizia kwanza hilo pindo."

Bibi alimalizia, akakata uzi kwa meno, akavaa miwani. Moyo ulikuwa umevimba, unapiga kivivu. Aliifuata mishipa mmoja mmoja kama anavyokagua gauni la mteja msumbufu, na kosa akaliona. Mshipa mwembamba wa kuulisha moyo wenyewe ulikuwa umeungwa kwenye mshipa wa jirani, ule unaopeleka mapafuni damu iliyoishiwa hewa.

"Huyu kashonewa mkono kwenye mfuko," alisema. "Ndiyo maana akinyonya anachoka, jamani."

Hospitalini walikuwa wamerudishwa mara tatu na dawa ya kikohozi. Safari hii bibi alibeba mchoro alioupiga kwa chaki kwenye karatasi ya kukatia nguo, akamweleza daktari habari ya mkono na mfuko.

"Kazi safi, bibi," daktari alisema. "Lakini ugonjwa huu ni wa nadra. Bila picha ya mashine siandiki barua ya upasuaji."

"Na mashine iko wapi, mwanangu?"

Daktari alionyesha mlango wa pili. Nyuma ya kioo mashine ilisimama ndani ya nailoni iliyochanika. "Ufunguo anao mkuu wa vifaa. Yuko semina."

"Tangu lini?"

"Mwaka juzi."

"Haya, mnyonyeshe," bibi alimwambia binti yake.

Kifua kikawa kioo tena. Daktari alivuta kiti, akaazima futi ya bibi, akapima. "Kweli, kwenye mfuko," alisema. Kwenye barua, penye aina ya kipimo, aliandika: macho.

Waliopasua hawakuuliza. Mshipa ulihamishiwa mahali pake, na Kifungo akaamka na kilio kinene hadi bibi akacheka peke yake ukumbini. Kifua hakikuonyesha tena.

Bibi hakujua amshukuru nani kwanza, akawashonea wote. Daktari alipata shati, wauguzi vitambaa vya meza, na mashine kifuniko cha turubai chenye mapindo mawili, kwa vipimo vya kukisia kupitia kioo. Siku alipokipeleka, mkuu wa vifaa alikuwa amepitia kuchukua mwavuli wake. Alifungua, wakaivika mashine, kikakaa barabara.

"Mama, umetuokoa," alisema. "Vumbi lilikuwa linaimaliza." Akafunga mlango, akaondoka na ufunguo.

Bibi alimshukuru mpaka alipokata kona. Kwenye benchi walikuwepo akina mama saba, watoto wananyonya na kutokwa jasho, kila mmoja na chupa yake ya dawa ya kikohozi. Bibi aliwasalimia. Akaifuta miwani kwa upindo wa khanga, akaivaa, akawaangalia watoto mmoja mmoja, taratibu.

Aliona ngozi tu.