Mtambo wa Baridi wa Placidius Rwezaura

Placidius Rwezaura alikuwa mnunuzi wa kahawa pale Mabira, mtu wa asili ya Muleba, na mwaka ule wa 1954 alikuwa amemaliza kujenga nyumba ya bati. Ilikuwa nyumba nzuri sana kuitazama. Shida ilikuwa kukaa ndani.

Wakati wa kiangazi, ikifika saa saba mchana, bati lilianza kulia ta, ta, ta, kisha joto likashuka kutoka juu kama mtu anakumwagia maji ya moto utosini. Mkewe, Xaveria, hakuwa mtu wa kuficha la moyoni.

"Baba Felicitas," alisema, "hii si nyumba, ni sufuria. Tumefunikwa kama matoke, bado tu kutiwa chumvi."

Placidius mwenyewe siku hizo alikuwa anakula chakula cha mchana nje, kwenye kivuli cha migomba, akijifanya anakagua mikungu.

Lililomnyima raha zaidi ni wageni. Binti yao, Felicitas, alikuwa ameposwa na Rwegoshora, kijana wa Igurwa, na wakwe watarajiwa walikuwa njiani kuja kuzungumza mahari. Huko kwao walishasikia habari za bati. Kuwapokea uani ingekuwa aibu. Kuwapokea ndani ingekuwa kuwapika.

Ndipo Placidius alipokumbuka Uhindi. Wakati wa vita alikuwa dereva wa Keya, jeshi la Waingereza, akaendesha maofisa huko na huko, na aliona kwa macho yake jinsi wakubwa wale walivyozuia joto: dirishani walining'iniza pazia nene la nyasi, mtu akalimwagia maji, na upepo ukipita kwenye zile nyasi mbichi unaingia ndani umepoa.

"Nitawatengenezea baridi," alimwambia mkewe.

"Utaitoa wapi?"

"Dirishani."

Alichonga fremu ya mbao, akaibana kwa waya, akaijaza nyasi zile laini ambazo Xaveria alizoea kutandika sakafuni, kisha akaipachika kwenye dirisha la mbele. Juu yake aliweka debe lenye matundu madogo chini, maji yadondoke polepole. Wakakaa ndani, wakasubiri. Maji yalidondoka. Upepo haukuja. Mabira nzima siku hiyo hata jani la mgomba halikutikisika.

"Huko Uhindi upepo uliwekwa na serikali?" aliuliza Xaveria.

Placidius alikwenda kumwita Kahigi, shemeji yake, mdogo wake Xaveria. Kahigi alikuwa mtu wa miraba minne, mwenye miguu kama nguzo na moyo wa kusaidia. Akili yake ilikuwa nzuri pia, ila ilipenda kufika baada ya mikono. Wawili hao waligeuza baiskeli juu chini, wakaondoa tairi la nyuma, wakafunga mkanda wa mpira kutoka kwenye ringi mpaka kwenye feni waliyoitengeneza kwa vipande vya bati vilivyobaki, wakaisimamisha ndani, nyuma ya zile nyasi za dirishani. Pale palipokuwa na pedali Kahigi aliweka kigoda, akakaa, akaanza kunyonga kwa miguu huku ameegemea ukuta.

Feni ikazunguka. Ikavuma. Placidius akasimama katikati ya chumba, ameinua kidevu, anasubiri kupoa.

"Unasikia kitu?" aliuliza Kahigi akihema.

"Bado. Ongeza."

Kahigi akaongeza. Nyumba ikatetemeka. Placidius akatokwa na jasho. Xaveria, aliyekuwa uani, akachungulia mlangoni akicheka mpaka akashika mbavu.

"Njooni mumwone mbuzi!"

Mbuzi wao alikuwa amefungwa chini ya dirisha. Alikuwa amelala chali kidogo, macho yamefumba nusu, ndevu zinapepea, kama mkubwa wa wilaya aliyekuja likizo. Feni ilikuwa inazunguka kinyume. Baridi yote ilikuwa inakwenda kwa mbuzi.

Wakavigeuza vile vipande vya bati vya feni. Sasa upepo ukaingia ndani, wenye ubichi na harufu ya nyasi, na kwa muda mfupi sana Placidius alifurahi. Halafu chumba kikaanza kuwa kizito. Nguo zikaganda mwilini. Usoni ilikuwa kama kuinamia chungu kinachochemka.

"Najua," alisema Placidius. "Baridi inavuja."

Alifunga dirisha la nyuma kwa misumari. Aliziba nyufa za mlango kwa matambara, akaweka gunia chini ya kizingiti. Kila tundu aliloliona alilitafutia kitu cha kulizibia. Jioni yake joto lilikuwa pale pale, lakini sasa lilikuwa limelowa. Chumvi ya Xaveria iliyeyuka ndani ya kopo. Viberiti vikakataa kuwaka. Picha ya harusi yao, iliyokuwa ukutani, ilijikunja ikamficha bwana harusi.

"Hata picha imekukimbia," alisema Xaveria. "Fungua dirisha, Kahigi ananuka jasho."

Placidius akafikiri labda kosa ni nyasi. Alizitoa, akakuta zimejaa vumbi la barabarani na zimeanza kuota ukungu, upepo haupiti. Hapo alikuwa amepata kweli kosa moja, akaweka nyasi mpya zilizooshwa. Feni ikavuma vizuri zaidi. Lakini ule uzito wa hewa haukuondoka. Alisogeza debe, akapunguza matundu, akaongeza matundu. Alimlaumu hata Kahigi.

"Shemeji, wewe mwenyewe una joto. Unatoa mvuke kama garimoshi."

"Basi ninyonge bila kutoa jasho?"

"Jaribu."

Kahigi, kwa kuwa alikuwa mtu mwema, alijaribu.

Siku ya wageni ilifika mtambo ukiwa bado haupozi. Wakamficha Kahigi na baiskeli yake pembeni, nyuma ya shuka jeupe, wageni wasione baridi inavyopatikana. Wakaingia: Byarugaba, baba wa kijana, mwenye masharubu mapana aliyoyapaka mafuta kwa heshima ya siku hiyo, mama wa Byarugaba mwenyewe, Bibi Kokushubira, mzee aliyetembea kwa fimbo na kukaa kwa kushikwa mikono miwili, na mshenga wao, Byabato, mtu aliyejulikana kote kwa maneno marefu. Shikamoo zilipita, wakapeana mikono, kahawa za kutafuna zikazungushwa katika kijikapu.

"Karibuni, Waitu," alisema Placidius kwa unyenyekevu, kwa neno la heshima la huko. "Hapa ndani mtasikia hewa ya tofauti."

Mlango ukafungwa, gunia likasukumwa mahali pake. Feni ikaanza kuvuma. Byabato akasimama.

"Sisi," alianza, "hatukuja kama watu waliopotea njia. Hapana. Mtu aliyepotea njia huuliza. Sisi hatuulizi. Au tuseme tunauliza, lakini si njia."

Aliendelea hivyo. Alipofika kwa babu yake Rwegoshora, jasho lilikuwa linamdondoka puani. Alipofika kwa ng'ombe wa yule babu, Byarugaba alikuwa amefungua vifungo vya kanzu. Bibi Kokushubira alikuwa amejifunika kitambaa kichwani. Placidius alitabasamu hivi kwamba mashavu yakamuuma.

Mara feni ikasimama. Nyuma ya shuka, Kahigi aliona maji ya debe yamekwisha. Alitoka kwa mlango mdogo wa jikoni, akajibana ukutani mpaka uani. Mtungi wa maji ulikuwa mtupu. Lakini kando ya jiko palikuwa na debe jingine, limejaa kitu cha rangi ya udongo. Akadhani ni maji ya mtoni ambayo bado hayajatuama. Akalibeba, akamimina yote juu ya nyasi, akarudi mbio kwenye kigoda chake.

Lile debe lilikuwa la omuramba, juisi ya ndizi mbivu ambayo Xaveria aliikamua asubuhi hiyo kwa ajili ya Bibi Kokushubira, ambaye hanywi pombe. Ilikuwa bado haijachachuka, tamu ya kunata vidole.

Kahigi, kwa kuona amewachelewesha wageni, alinyonga kwa nguvu zake zote. Feni ikanguruma. Matone madogo yakaruka chumba kizima.

"Na yule ng'ombe," alisema Byabato, "mwenye pembe zilizopinda, yule ambaye baba yake..." Akasita. Akalamba midomo. Akatazama dari. "Samahani, Bwana Rwezaura. Mbona baridi yako ina ladha?"

Byarugaba naye alikuwa anafyonza masharubu yake, kwanza upande wa kulia, kisha wa kushoto, kwa umakini mkubwa.

"Ni tamu," alithibitisha.

Placidius akajilamba mkono. Akamtazama mkewe. Xaveria alikuwa ameshika kichwa.

Nyuki wa kwanza aliingia peke yake, kama mtu anayepeleleza. Alizunguka kichwa cha Byabato, akatua kwenye mdomo wa chini, pale palipokuwa na utamu mwingi. Byabato akapiga yowe ambalo halikuwa na utangulizi wowote. Halafu wakaja ndugu zake. Walikuwa wanakuja kwenye nyasi, na feni ikawa inawafyonza na kuwatupa ndani kwa makundi.

Byarugaba aliuvaa mlango, ukafunguka na gunia lake. Xaveria alimfuata, Placidius nyuma yake. Byabato alikuwa upande mwingine wa chumba. Hakuona mlango, aliona dirisha la nyuma. Alilipitia. Alitoka na ubao, misumari na matambara, akaangukia kwenye kitalu cha maharage, akaendelea kukimbia akiwa na fremu ya dirisha shingoni.

Nyuma ya shuka, Kahigi alisikia kelele na miguu mingi. Akadhani wanashangilia. Akaongeza mwendo.

Uani watu walijikung'uta, wakahesabiana uvimbe. Ndipo Byarugaba akanyanyuka ghafla.

"Mama yuko wapi?"

Wote wakageuka kuitazama nyumba.

"Mungu wangu," alisema Placidius. "Nimemwua mkwe kabla hajawa mkwe."

Walisogea mlangoni taratibu. Bibi Kokushubira alikuwa pale pale alipokalishwa, kitambaa kimeshushwa mpaka puani, mikono juu ya fimbo, kichwa kimeegemea nyuma. Hakutikisika. Nyuki hawakumgusa, sasa walikuwa wamejazana kwenye nyasi, wanakunywa.

"Mama!" Byarugaba aliita.

"Usipige kelele," alisema bibi bila kufumbua macho. "Napoa."

Placidius alinyanyua mguu, akauingiza ndani, kisha mwili. Kitu kikampita shingoni. Akasimama. Kikampita tena, chepesi, kikavu, kikaingia ndani ya kola na kutokea kwenye mkono wa shati. Ilikuwa baridi. Baridi kabisa, ile ile ya Uhindi. Akaufuata upepo kwa uso wake, hatua kwa hatua, kutoka kwenye nyasi mpaka kwenye lile shimo lililokuwa dirisha la nyuma, na pale akauona unatoka, unatikisa maharage nje.

Akaokota ubao mmoja, akauegemeza kwenye shimo. Chumba kikaanza kuwa kizito. Akautoa. Kikapoa. Akauweka tena, akautoa tena.

"Amua moja," alisema Bibi Kokushubira.

"Ilikuwa haina pa kutokea!" Placidius alipiga kelele. "Xaveria! Hewa ya maji ilikuwa inaingia, inakaa, inajaa! Mimi nilikuwa naziba, kumbe nilitakiwa kufungua!"

"Nilikuambia tangu mwanzo fungua dirisha," alisema Xaveria kutoka uani.

"Uliniambia nifungue kwa sababu ya harufu ya Kahigi."

"Je, lingefunguka vingine?"

Walimwaga maji safi juu ya nyasi, ndoo baada ya ndoo, mpaka nyuki wakakata tamaa na kuondoka. Hapo ndipo Kahigi alipotoka nyuma ya shuka, amelowa chapachapa, akauliza kama wageni wameridhika. Alipoelezwa mambo ya omuramba alitaka kulia, lakini Byarugaba akamshika bega akasema kwa kweli ladha haikuwa mbaya.

Mazungumzo yakaendelea chumbani, dirisha likiwa wazi. Byabato alirudishwa kutoka alikofika. Mdomo wake wa chini ulikuwa umevimba kama ndizi ya kuchoma, na alipojaribu kumrudia yule ng'ombe mwenye pembe zilizopinda, yalitoka maneno mawili tu yanayoeleweka: "Tunamtaka binti." Placidius akasema wamempata. Byarugaba akataja ng'ombe kwa ufupi, Placidius akakubali kwa ufupi. Xaveria alisema baadaye kwamba hajawahi kuona mahari inayozungumzwa vizuri namna ile, na kwamba ingefaa washenga wote wapitishwe kwa nyuki kwanza.

Felicitas alitoka chumba cha ndani kusalimia. Bibi Kokushubira alimtazama, akaridhika, kisha akajikunyata ndani ya shuka lake. Kahigi alikuwa amerudi kwenye baiskeli, ananyonga kwa mwendo mzuri wa kudumu, na upepo ulikuwa unapita moja kwa moja.

"Mjukuu wangu," alisema bibi, meno yakigongana.

"Abee, bibi."

"Nyumba yenu ni nzuri. Lakini mtu atakufa humu. Niletee jiko la mkaa niote moto."

Wakamletea. Akaliweka katikati ya magoti, akanyoosha viganja. Chumba kikaanza kupata joto tena, na Placidius, akiwa amesimama kati ya jiko na feni, akageukia kwenye lile shuka jeupe.

"Shemeji," alisema, "ongeza."