Theluji ya Oslo Nyuma ya Duka la Hirsi

Siku hiyo mjinga alikuwa Musembi, na ukitaka kumcheka panga foleni nyuma yake, maana yeye alianza kujicheka zamani.

Ilikuwa Desemba 1999, katika mji mdogo wa Sultan Hamud, Kenya. Musembi alikuwa katika chumba cha nyuma cha duka la Hirsi, alikokodi kompyuta na laini ya simu, akiandika programu ya kuhesabu matairi ya mfanyabiashara mmoja wa Marekani. Kazi aliipata kwenye soko la mtandaoni, ambako kila fundi hutaja anachokijua na mahali anapokaa, kisha tajiri anachagua. Programu ya kwanza alikuwa amelipwa robo ya alicholipwa fundi Mnorwe wa Oslo kwa kazi ile ile. Mkewe, Ndinda, alitaka tangi la maji kabla mvua hizi hazijaisha, na robo ilitosha kununua mfuniko. Kwa hivyo safari hii, palipoulizwa anakaa wapi, Musembi akajaza Oslo.

Hata chai hajanywa, theluji ikaanza kuanguka chumbani.

Ilianguka pole pole, kutoka chini ya mabati hadi sakafuni. Hirsi alichungulia, akaenda, akarudi na kreti za soda, akazizika kando ya meza. Kilonzo wa bucha akaleta mguu wa mbuzi. Ndinda akachota sufuria nzima, akaenda kufua uani, akasema maji ya Oslo ni mazuri ila yanachelewa kupata moto.

Syombua wa chai alipoingia na birika lake, alikung'uta viatu kwanza.

"Leo ni shilingi mia."

"Wee Syombua! Jana si ilikuwa kumi?"

"Jana ulikuwa Sultan Hamud."

Musembi akalipa. Alikuwa amevaa makoti mawili na meno yanagongana. Mtu wa hali hiyo habishani na mwenye birika.

Programu ilipokwisha, tajiri alipiga simu kushukuru. Akasifu kazi, akauliza baridi ya huko ikoje, na Musembi akajibu kwa moyo safi kwamba ni kali. Ndipo punda wa muuza maji akalia dirishani, akalia tena, akamalizia na mkwaruzo. Tajiri akauliza kama Oslo kuna punda. Sasa, Musembi ni mtu wa kanisa: uongo wa kuandika alikuwa ameuweza, wa mdomo ukamshinda. Akataja mahali alipo.

Theluji ikakoma hapo hapo, ikawa maji. Kreti zikaloa.

"Wallahi, Musembi," Hirsi akalalamika, "ukweli wako haungengoja jioni? Soda zilikuwa karibu kupoa."

Tajiri alieleza kwa upole. Programu haina kosa hata moja. Lakini kwa vile maisha ya Sultan Hamud ni rahisi, atatuma robo tu ya malipo, na kazi ijayo itakuwa robo vile vile. Musembi, bila kujua anafanya nini, akaanza kusema asante.

Ndinda aliingia na povu hadi kwenye viwiko, akamnyang'anya simu.

"Hebu nikuulize, bwana," alisema. "Hiyo programu ikikuta matairi manne hapo kwako, inakuhesabia moja?"