Kilio Kilichokatwa

Mkutubi wa sayansi ya jamii aliipenda kazi moja kuliko zote: kuhamishia kwenye kompyuta kanda za zamani, ambamo watafiti waliwahoji akina mama wa kota za wafanyakazi. Yeye mwenyewe alikuwa akiandika juu ya malezi ya zama hizo, na kelele alizichukia kama nini. Kikohozi, sufuria, mtoto analia: vyote alivikata, yabaki maneno. Kanda zenyewe zilikwisha kuota ukungu, kwa hiyo zikishahamishwa zilichomwa.

"Wewe bibie," mwenzake wa kaunta alimtania, "ukipewa mvua utakata radi!"

"Msomaji anataka hoja, radi ya nini?"

Jumapili moja mama yake, akichambua mchele, akasema ghafla, "Zamani alikuja kijana wa chuo kunihoji, nimempakata kaka yako. Alilia huyo! Mpaka kijana wa watu akacheka."

Kaka huyo alifariki kabla mkutubi hajazaliwa. Picha hakuacha hata moja.

"Nikikisikia kile kilio mara moja tu," mama akasema, "nitakufa nimeridhika."

Kesho yake mkutubi alipekua kwenye kompyuta rekodi zote alizokwisha kuhamisha. Zilikuwa na namba tu, maana majina ya wahojiwa hufichwa. Hatimaye akaipata sauti ya mama yake, bado ya kisichana, inacheka. Furaha ilimjaa hata hakuisikiliza mpaka mwisho. Aliitia kwenye simu, akakimbia nyumbani.

Mama akaiweka simu sikioni. "Ndiyo mimi! Sasa ngoja, hapa ndipo anapoanza..."

Sauti ikasema, "Huyu mwanangu," kisha ikaruka, ikaendelea na habari za maji ya bomba. Mkutubi aliujua mruko ule. Ulikuwa wa mkono wake mwenyewe.

"Hebu rudisha, mwanangu. Masikio yangu haya yamechoka."

Akarudisha. Akarudisha tena.

"Labda alikuwa amelala," mama akasema.

Maji yakimwagika hayazoleki. Siku hizi mkutubi hakati kitu, na kilio anakisikia kila mahali, mashine zikiwa zimezimwa: kitoto kichanga, karibu kabisa, kinadai ziwa. Asiyekisikia ni mama peke yake, na kila jioni humpa simu bintiye.

"Irudishe, mwanangu. Leo huenda ataamka."