Mgomba wa Namalwa

"Soma tena hapo pa mgomba," Navalayo alisema, bila kuinua macho kutoka kwenye cherehani.

Mwalimu Chrispinus alikohoa. Alikuwa amesimama barazani, ameshika gazeti la Nairobi kwa mikono miwili kama aliyeletewa barua ya kufutwa kazi. "'Katika onyesho la mazishi,'" alisoma, "'mfuniko wa jeneza unateleza, na ndani, aibu iliyoje, kuna shina la mgomba! Kisha watazamaji, wasioweza kutofautisha mchezo na mambo ya kweli, wanavamia jukwaa wakilia. Nyimbo za kundi hili la zamani ni tamu, lakini zimeanikwa tu moja moja, kama nguo kwenye kamba. Hadithi hamna.'"

"Nyimbo tamu. Angalau masikio anayo."

Akakanyaga cherehani. Alikuwa akiongeza kitambaa ubavuni mwa gauni la bluu la kumetameta, lile lile alilolishona mwaka wa sabini na tatu, enzi za kiuno chembamba. Wakati huo Wasichana wa Shieywe walikuwa watatu: yeye, Fauzia wa Mumias, na Namalwa wa Lugari. Walitoa santuri tisa. Harusi isiyopigwa nyimbo zao ilihesabiwa kuwa mkutano tu.

Mwaka wa sabini na saba walikwenda kuimba Kampala, watatu, wakarudi wawili. Namalwa alitoka hotelini asubuhi kwenda kununua sabuni, asionekane tena. Watu walikuwa wakipotea hivyo huko miaka ile, na aliyeuliza sana naye alipotea. Kwao Namalwa, mtu akifia mbali na mwili usipatikane, shina la mgomba huzikwa mahali pake, ili apate kaburi na watu wake wapate pa kulilia. Navalayo na Fauzia walikwenda Lugari kuomba afanyiwe hivyo. Kaka yake, Mukhwana, aliwajibu akiwa mlangoni, hata kiti hakuwapa. Mwanamke aliyechagua kuimba baa, alisema, hana kaburi katika boma lake. Miaka kumi na tisa ilikuwa imepita, na neno hilo bado lilimchoma Navalayo kifuani.

Chrispinus, mzaliwa wa Nairobi, aliyezikusanya nyimbo zao na kuzitungia mchezo, hakuyajua hayo ya mgomba. Aliutia ndani ya jeneza ili wabebaji waonekane wamebeba kitu kizito, basi. Mfuniko ulipoteleza Jumamosi ile, mwanamke mmoja wa safu ya mbele aliliita jina la Namalwa, na ukumbi mzima ukapanda jukwaani. Navalayo mwenyewe alilia mpaka wanja ukamfika kidevuni.

"Jumamosi hii natia matofali," Chrispinus alisema, akilikunja gazeti. "Napigilia na misumari. Nimemwambia askari wa ukumbi asimruhusu mtu kupanda. Huyu mwandishi anarudi, Mama, anakuja na wakubwa. Wakipendezwa, tunaenda Nairobi."

"Na mgomba uko wapi?"

"Nyuma ya ukumbi. Nilitaka kuutupa."

Cherehani ilinyamaza. "Mwalimu, wewe hujui kitu uliweka pale. Huo si mgomba tena. Watu wameulilia, wameuita jina. Ukiutupa, umemtupa Namalwa mara ya pili."

"Lakini Mama, ni mchezo tu."

"Huyo wa gazeti anasema hatujui tofauti. Tunajua! Tunajuanga vizuri sana, ndiyo maana tulilia." Akalikung'uta gauni mbele ya uso wa mwalimu. "Weka matofali yako. Halafu utafute mwingine wa kuvaa hii gauni."

Jumamosi mchana yeye na Fauzia waliufuata mgomba nyuma ya ukumbi. Ulikuwa umeanza kulainika. Waliufunga kwa leso, Fauzia akasema "Bismillahi," wakaulaza ndani ya jeneza na kuyarudisha matofali nje. Chrispinus aliwaona. Akaenda kuhesabu viti.

Saa tisa ukumbi ulijaa, lakini watu walikuwa wamelisoma gazeti. Waliketi wameweka mikono mapajani, wakapiga makofi ya adabu kila wimbo ulipokwisha, kama wazazi siku ya zawadi shuleni. Navalayo aliimba huku hasira ikimpanda. Wimbo wa kuaga ukafika. Jeneza likaingizwa, likawekwa chini, wala hakuna aliyejikuna.

Akanyamaza katikati ya wimbo, akaliendea jeneza na kuufungua mfuniko mwenyewe.

"Mnaogopa karatasi?" aliwauliza. "Huyu hapa ni Namalwa. Miaka kumi na tisa hajapata mtu wa kumsemea. Nani atasema neno?"

Safu ya mwisho, mzee mmoja mwenye koti zito akasimama. Alitembea polepole hadi kwenye ngazi. Askari alinyoosha mkono kumzuia. Mzee akaushika, akauweka kando, akapanda. Navalayo aliyatambua masikio yale kabla ya kuutambua uso. Namalwa alikuwa nayo vile vile, yaliyosimama.

"Mukhwana," alisema. "Nani amekuambia uje?"

"Gazeti." Sauti yake ilikwaruza. "Niliona wamecheka mgomba. Nikajua mmemlilia bila mimi."

"Ulitufukuza."

"Niliwafukuza." Alitazama ndani ya jeneza. "Nimechimba, Navalayo. Leo tangu asubuhi nimechimba, karibu na mama yetu. Nipeni nimpeleke nyumbani."

Wanaume wanne walikwisha kuinuka bila kuitwa. Fauzia alivua viatu vyake vya jukwaani, akavishika mkononi.

"Bado nyimbo mbili," Chrispinus alinong'ona, ameshika daftari la mchezo.

"Tutaziimba njiani," Navalayo alisema. Akalikusanya gauni lake la bluu, akateremka ngazi nyuma ya jeneza, na ukumbi ukaanza kusimama safu kwa safu. Katika safu ya mbele, mtu mmoja aliyekuwa na kalamu aliyavuta magoti yake pembeni, jeneza lipite.